Daftari la websaiti: shajara ya mradi wa kibandani, Busia

Siku ya 1, Jumamosi

Leo nimeanza rasmi. Wazo lenyewe si kubwa, ni kwamba marafiki zangu hapa Busia upande wa Uganda wana simu janja lakini intaneti kwao ni WhatsApp, TikTok na matokeo ya mpira basi, na mimi mchana kutwa nimekaa kwenye kibanda changu cha kuprinti na fotokopi nafungua vitu vitamu peke yangu kama mtu anakula nyama amejifungia. Nikasema nitawagawia. Nimekesha nimekusanya linki 43, zingine za kazi, zingine za kuchekesha tu, saa tatu usiku nimezimwaga zote kwa mpigo kwenye grupu letu. Sasa nangoja.

Siku ya 3, Jumatatu

Kimya. Na sio kimya cha kukosa netiweki, maana video ya mbuzi aliyepakiwa kwenye boda imepata majibu mpaka nimechoka kuhesabu. Linki zangu 43 zimepata dole gumba moja, la fundi viatu, na leo alivyokuja kuchaji simu nikamuuliza ulifungua ipi, akacheka akasema bro mi niliona ni ndefu nkajua ni mambo ya kanisa.

Basi nimeshinda nauliza mmoja mmoja. Mama Chapati ndiye amenijibu vizuri kuliko wote, akasema mwanangu, nikibonyeza alafu bando liishe, mtoto akipata shida shuleni nitapigaje? Na ana haki. Hapa tulitoka kwenye ile kodi ya OTT, ya kutumia mitandao ya kijamii, ya shilingi 200 kwa siku iliyoanza Julai 2018, ilivyoondolewa 2021 ikaja asilimia 12 imekaa humohumo ndani ya bando, sasa mtu wa hapa akibonyeza kitu anasikia kabisa pesa ikitoka mfukoni. Mimi nilikuwa nawatumia linki kama vile kubonyeza ni bure, kwa sababu kibandani natumia waifai ya jirani.

Mpango mpya. Nimenunua daftari gumu, lile kubwa la dukani linaloandikwa madeni. Ukurasa mmoja websaiti moja. Juu anwani kwa herufi kubwa, chini inasaidia nini, alafu imekula MB ngapi kwa dakika kumi nikiwa nimeipima mwenyewe kwa simu yangu ya zamani yenye kioo kilichopasuka. Pembeni nabandika kale kamraba ka kuskani (QR) nimeprinti, ili mtu asikosee kuandika. Masharti matatu: isilazimishe kujisajili, isiombe pesa, ifunguke kwenye ile simu. Wenye katochi, zile simu ndogo za vitufe, watanisamehe, hao nitawafungulia mimi.

Kwa masharti hayo linki 43 zimebaki 21 kabla sijala chakula cha mchana. GeoGuessr imetoka, inataka akaunti siku hizi (na niliipenda sana ile, unadondoshwa barabarani hujui ni nchi gani). Facebook sikuiweka hata mwanzo, hapa imefungwa tangu Januari 2021, mtu mpaka apite na VPN, ile programu ya kuzunguka kizuizi, na VPN nayo inakula bando. Sita zilikuwa zimekufa, anwani ipo nyumba haipo.

Siku ya 4, Jumanne

Kupima. Naingia kwenye setingi, naandika namba ya data, natumia dakika kumi kwa saa, narudi kuangalia imepanda ngapi. Kazi ya kuchosha kuliko nilivyofikiri, kwa sababu simu nayo inajiapdeti kimyakimya huko nyuma inaniharibia hesabu, mpaka nikazima kila kitu kingine.

Radio Garden nilidhani itakuwa ya kwanza. Kwa asiyeijua, ni duara la dunia limejaa vidoti vya kijani, unazungusha kwa kidole, kila kidoti ni mahali penye redio, unagusa unasikia wanavyoongea huko saa hiyohiyo. Waholanzi waliitoa 2016. Lakini hesabu yake ni hii: redio inayorusha kilobiti 128 kwa sekunde inakula kama MB 57 kwa saa, ya kilobiti 64 ni nusu ya hiyo. Kwa mtu wa bando la elfu moja hiyo ni anasa. Sikuitoa, nimeandika chini yake kwa wino mwekundu TUMIA WAIFAI YA MTU.

Wikipedia ya Kiswahili imepita kirahisi, kurasa zake ni maneno mengi picha chache. Ipo tangu 2003 na nimekuta watu wazima hapa hawajui kama ipo. Nimeweka na Kiwix ukurasa wa pili yake, hiyo ni programu ya kusoma Wikipedia nzima bila neti, unashusha faili mara moja, kuna lenye picha, kuna lisilo na picha, kuna dogo kabisa lenye utangulizi tu wa kila makala. Nimeshusha la bila picha usiku, anayetaka namrushia kwa Bluetooth bure. Wale wanaokumbuka Januari 2021, wiki ya uchaguzi, neti ilivyozimwa karibu siku tano, hawakuhitaji nieleze faida yake.

Siku ya 8, Jumamosi

Leo nimejifunza na mimi.

Kuna mzee hapa karibu na paking ya malori, tunamwita Mzee wa Drafti, ana ubao wa plaiwudi ameuchora mwenyewe, kete ni vizibo, vya soda upande mmoja vya bia upande mwingine, na hajawahi kukubali kwamba amefungwa, husema amechoka. Nikawaza huyu nimfungulie lidraughts.org. Ni bure, haina matangazo, imejengwa juu ya mtambo wa Lichess, ile ya chesi ambayo Mfaransa mmoja aliianzisha 2010, na dakika kumi imekula MB chache kuliko kupakua picha mbili za harusi.

Nimemshikisha simu. Kitu cha kwanza, ubao uliofunguka ni wa miraba kumi kwa kumi, kete ishirini kila mtu, ndio wa kimataifa. Mzee akahesabu kwa kidole taratibu akasema, kijana, hii ni ya nani, ya majitu? Nikatafuta kwenye machaguo nikapata ya Kibrazili, nane kwa nane, kete kumi na mbili, kingi anaruka mbali kama tunavyocheza sisi. Akatulia. Akavuta kile kiti cha plastiki, akaweka simu kwenye goti.

Hatua ya saba hivi kompyuta ikala kete yake kwa kurudi nyuma.

Jamani. Alisimama. "Simamisha! Kete haili nyuma!" Watu wa bodaboda wakageuka. Nikamwambia mzee hizi ni sheria za Brazil, kwao kete ya kawaida inakula mbele na nyuma. Akasema basi Brazil wote ni wezi. Akakaa. Baada ya hapo ikaja shida ya pili ambayo mimi mwenyewe sikuijua, alitaka kula kete moja upande wa kulia na simu ikakataa, akabonyeza tena, akabonyeza kioo kama anaua chawa, akaniambia simu yako imeganda. Haikuganda. Kumbe kwa Kibrazili ukiwa na njia mbili za kula lazima ule penye nyingi, na kushoto kulikuwa na mbili, ambazo akizila kingi wa kompyuta anampitia nyuma anamfagia tatu. Aliiona. Akakaa kimya muda mrefu sana anaangalia ule mtego, kidole kimesimama hewani, alafu akasema polepole "huyu mtu amekaa vibaya."

Tukajaribu ya Kirusi. Hiyo pia kete inakula nyuma lakini unachagua mwenyewe ule wapi. Ameipenda zaidi, anasema angalau Mrusi anakuacha ujiue mwenyewe. Amefungwa mara nne, mara zote alikuwa amechoka.

Nilichokiandika kwa daftari usiku: ile linki alikuwa nayo siku ya kwanza kwenye grupu, namba 31. Iko kwenye simu ya mjukuu wake mpaka leo, haijaguswa.

Kwa hiyo nimebadilisha tena. Sitangazi daftari. Nangoja mtu aje na shida yake ama uvivu wake, ndio nafungua ukurasa.

Siku ya 9

Mvua. Umeme hakuna. Nimechora mistari tu.

Siku ya 11, Jumanne

Kijana amekuja kuprinti fomu ya ajira, ameitoa kwenye linki aliyotumiwa, ina nembo ya serikali juu, bendera, korongo, kila kitu, na chini imeandikwa tuma elfu hamsini kwa mobile money ya "usajili". Alikuwa anazo tayari kwenye simu. Nikamwambia kaa kwanza.

Ukurasa huu nimeuandika kwa makini kuliko zote kwa hiyo naunakili hapa. Anwani ya websaiti usiisome kama Kiswahili kutoka kushoto. Tafuta mkwaju (/) wa kwanza baada ya zile alama za mwanzo (https://), simama hapo, rudi nyuma kuelekea kushoto. Kitu kilichogusana na mkwaju ndio mwenye nyumba, vilivyoko kushoto zaidi ni mapambo tu mtu anaweza kuandika chochote. Ya kwake ilianza na jina la wizara, ikaja go, ikaja ug, safi kabisa, lakini haikuishia hapo, iliendelea na jina lingine refu na dot com ndio ikaja mkwaju. Mwenye nyumba ni yule wa dot com. Ofisi za serikali hapa kwetu zinaishia na .go.ug, kama passports.go.ug ya paspoti, vyuo vikuu .ac.ug, mashirika .or.ug, na .co.ug ni ya biashara ambayo mtu yeyote ananunua. Na kale kakufuli kanakokaa pembeni ya anwani hakasemi mtu huyu ni mwema, kanasema tu kwamba mazungumzo yenu hayasikilizwi njiani. Unaweza ukawa unaongea na mwizi kwa siri kabisa.

Hakulipa. Ila alikasirika kidogo, nadhani alikuwa ameshawaambia nyumbani amepata kazi. Sikujua nimwambie nini, nikamfanyia fotokopi za ndaga muntu (kitambulisho cha taifa) bure.

Pembeni ya ukurasa huohuo nimeweka Have I Been Pwned, ya Mwaustralia anaitwa Troy Hunt, ipo tangu 2013, unaandika imeili yako inakuambia kama ilivuja pahali. Yangu imevuja mara tatu. Nimebadilisha paswedi huku mteja ananisubiri.

Na ULII, zile sheria zote za Uganda bure. Vijana wa boda walikuwa wanabishana kama Kiswahili ni lugha ya taifa ama ni ya wanajeshi na wezi, kama wazee wengine wanavyosema bado, nikawafungulia Katiba kifungu cha 6, marekebisho ya 2005, lugha rasmi ya pili. Wakasoma. Alafu wakaanza kubishana kama neno bodaboda lenyewe lilizaliwa hapahapa Busia, watu wakibebwa kwa baiskeli kutoka boda hii, yaani mpaka, kwenda boda ile. Hilo halina kifungu lakini mimi naamini.

Siku ya 12

Leo wateja wawili tu. Nimepima Windy, ya upepo na mvua, inavutia ila kwenye simu yangu inatetemeka. Imebaki kwa masharti.

Siku ya 15, Jumamosi

Mama Chapati ana mjukuu darasa la pili, na shida yake sio bando tena, shida yake ni kwamba mtoto amemaliza kitabu cha shule na anasoma karatasi za kufungia chapati. Nimemfungulia African Storybook. Ni hadithi za watoto zimeandikwa na walimu na watu wa kawaida huku Afrika, Kiswahili kipo, Kiganda, Kilugbara, Kimasaaba, lugha nyingi, na zimepangwa kwa ngazi, ya kwanza ni maneno machache kila ukurasa, inapanda mpaka za kumsomea mtoto kwa sauti. Na leseni yake inaruhusu kuprinti, hata kutafsiri ukaweka lugha yako.

Hapa ndio kibanda kikapata maana. Nimeprinti tatu, nikazikunja katikati, nikazipiga pini mbili mgongoni, kitabu tayari. Nimelipisha karatasi tu. Mtoto alisoma amekaa kwenye jeri kan pembeni ya kikaango, bibi yake anageuza chapati kwa mkono mtupu hata haangalii, na kila mtoto akikwama kwenye neno bibi anasimama na chapati hewani anangoja, mpaka neno litoke ndio anaigeuza. Chapati moja iliungua. Mteja wa ile rolex (chapati ya kuviringishia mayai) alipewa hivyohivyo, hakulalamika, alikuwa anasikiliza.

Shida: picha za rangi zinanimalizia wino. Nimeweka sheria ni nyeusi na nyeupe tu, jioni nikaivunja kwa hadithi moja ya kinyonga kwa sababu kinyonga wa kijivu ni nini sasa.

Siku ya 17, Jumatatu

Ya kufurahisha. Kuna dada analeta mukene (dagaa) na sangara kutoka Majanji kule ziwani, mumewe ni mvuvi, amekuja kuchaji na hana haraka. Nimemfungulia neal.fun, ile ya kina cha bahari. Ukurasa mmoja mrefu, unashuka kwa kidole, pembeni mita zinahesabika, na kila kina kinatokea kiumbe kinachoishi hapo. Akaniuliza ziwa letu linaishia wapi. Nikamsimamisha kwenye mita themanini na kitu, hapo ndio chini kabisa kwa Nalubaale (Ziwa Victoria). Alikuwa ameshuka kwa kidole mara chache sana. Akaangalia juu, akaangalia chini, akasema na wanaume wa kwetu wanajisifu.

Akaendelea kushuka. Akavuka kina ambacho Titanic imelala, kama mita 3,800, kidole kikachoka akampa mtoto wa jirani aendelee, mtoto akachoka, akamrudishia. Chini kabisa ni karibu mita 11,000. Alivyofika alipumua kama mtu ametoka majini kweli. Kisha akasema sitamwambia mume wangu, nitamshusha tu.

MB ilikula kidogo. Nimeandika "YA KUPUMZISHA KICHWA, INAFAA NA MTOTO".

Siku ya 20, Alhamisi

Balaa. Chai. Kikombe kizima, na ni mimi mwenyewe sio mtu mwingine. Kurasa kumi na moja zimekuwa rangi ya udongo, wino mwekundu umesambaa mpaka Radio Garden inaonekana kama imechinjwa. Tumeianika daftari juu ya bati, upepo ukaifungua kurasa moja moja, ilipendeza kuangalia ila nilikuwa na hasira.

Fundi viatu ndiye ameiokoa, ameshona mgongo upya kwa ile nyuzi yake ya ngozi, na akaniomba malipo ya ajabu. Zamani aliimba kwenye kwaya, walikuwa na blogu yao yenye picha, ilishafutwa miaka, anauliza hiyo intaneti yako inaweza kufufua? Nikamwambia sahau. Alafu nikakumbuka Internet Archive, wale wa San Francisco wanaohifadhi nakala za websaiti tangu 1996. Unaandika anwani ya zamani kwenye Wayback Machine inakuletea kalenda, siku zenye nakala zina kaduara. Shida ni kuikumbuka anwani. Alikumbuka nusu. Tulijaribu na kistari, bila kistari, na "choir" mbele, na "choir" nyuma, kama dakika arobaini, nyuzi bado iko mdomoni. Ikatoka. Kaduara kamoja tu, 2014.

Picha nyingi hazikufunguka, yamebaki maboksi matupu. Lakini moja ilifunguka, watu kumi na wanne wamevaa kanzu za zambarau, yeye wa pili kutoka kushoto, mwembamba. Alitaja majina yote kumi na wanne. Wawili alisema marehemu. Nimeiprinti kwa rangi. Wino na uishe.

Siku ya 22, Jumamosi

Hesabu ya kati: kurasa 17 zimejaa, mbili nimezichana kwa sababu zilianza kuomba kujisajili. iLovePDF imeingia jana, kuunganisha faili na kupunguza ukubwa ndio kazi yangu ya kila siku nilisahau kwamba kwa mwingine ni muujiza, ila nimeandika onyo, ndaga muntu na karatasi za benki usizipandishe kwenye websaiti ya mtu yeyote, njoo nikufanyie kwa kompyuta bila neti. Kwenye grupu nimetuma linki moja tu wiki nzima, ile ya bahari, na sikuandika chochote, niliweka picha ya dada wa mukene akiwa amefungua mdomo (nilimuomba ruhusa). Watu wanane wameuliza ni nini hiyo.

Dereva mmoja wa lori amepiga picha kurasa zote akaondoka nazo kuelekea Mombasa. Sijui kama atafungua hata moja.

Siku ya 24, Jumatatu

Nimekuta mtu ameandika kwenye ukurasa wa drafti, kwa kalamu ya bluu, herufi kubwa zinazoinama: KETE HAILI NYUMA. Chini yake: UKIWEZA WAAMBIE. Nimetafuta kwenye ile websaiti kama kuna sheria za kwetu, nimekuta ya Kimataifa, Kibrazili, Kirusi, Kifrisia, hata kuna moja ambayo anayeishiwa kete ndiye mshindi. Ya kwetu sijaiona. Kazi ya wiki hii basi ni kuandika sheria za hapa vizuri, na Mzee ndiye atanitajia, maana nikiziandika mwenyewe atasema nimekosea.

Amekuja saa kumi. Nikamwambia mzee tuanze kuandika. Akasema ngoja kwanza, simu iko asilimia ngapi? Iko 22. Akavuta kiti, akakaa karibu na waya, anasema ikifika 30 nimfungulie ya Mrusi.